Kabla hujakabidhi picha zako kwa seva ya nyumbani, hakikisha unajua namna ya kuzirudisha

#1 Mleta uzi

Wakuu, salaam kwenu.

Maswali kuhusu kuendesha seva nyumbani, yaani kompyuta inayowaka muda wote ikitunza picha na faili za familia, yamekuwa mengi, na karibu yote yanaanzia mahali pamoja: ninunue mashine ipi na niweke programu ipi. Ni maswali ya haki, lakini kwa maoni yangu ndiyo mepesi kuliko yote. Kinachoamua kama seva yako itakuwa hai miaka mitatu ijayo, na kama picha ulizoikabidhi zitakuwa bado zinafunguka, ni mambo mawili ambayo mafunzo mengi huyagusa mwishoni, kama yakiyagusa: namna ya kuifikia seva ukiwa mbali bila kuianika kwa dunia nzima, na namna ya kurudisha data siku diski itakapokufa.

Sababu za kuhama zinaeleweka. Google iliifunga huduma yake ya Reader, ya kusomea habari za tovuti, Julai 2013, na tarehe 1 Juni 2021 Google Photos iliacha kutoa nafasi ya bure isiyo na kikomo. Mwenye huduma alibadili uamuzi wake, na mtumiaji hakuwa na la kusema. Anayechoshwa na hali hiyo ana haki ya kujitafutia pake. Ila akumbuke kwamba kule anakotoka kuna watu wanaolipwa kubadilisha diski zilizoharibika, kuziba matundu ya kiusalama na kutunza nakala katika majengo tofauti, na kwamba siku anapohama, kazi yao yote inakuwa yake.

Kuhusu mashine nitapita haraka, kwa kuwa karibu kompyuta yoyote ya miaka kumi iliyopita inatosha kuhudumia familia moja. Angalia zaidi umeme inaokula ikiwa haina kazi, maana ndivyo itakavyokuwa muda mwingi: kompyuta ndogo inayotumia wati 10 itakula takriban kilowati-saa 88 kwa mwaka, wakati ya mezani ya zamani inayotumia wati 60 itavuka 520. Kompyuta mpakato ya zamani inafaa, na betri yake huivusha umeme unapokatika kidogo, lakini ikague betri hiyo, na ikiwa imeanza kuvimba iondoe kabla ya jambo jingine lolote. Wenye Raspberry Pi (kompyuta ndogo ya ubao mmoja) wasiweke data wala kanzidata, yaani hifadhi ya taarifa zilizopangwa za programu, kwenye kadi ya kumbukumbu, kwa sababu kadi hizo huchakaa kwa kuandikwa mara kwa mara. SSD ya USB, yaani diski isiyo na sehemu zinazozunguka, ni salama zaidi. Kisha unganisha seva na ruta kwa kebo badala ya Wi-Fi. Kebo ya kawaida ya Cat5e hubeba gigabiti moja kwa sekunde hadi umbali wa mita 100, na hiyo inatosha nyumba yoyote. Ingia pia kwenye ukurasa wa ruta, sehemu ya DHCP inayogawa anwani kwa vifaa, uitengee seva anwani ya kudumu, ili isije ikapewa anwani nyingine huku simu na runinga zikiendelea kuitafuta kwenye ile ya zamani.

Sasa nije kwenye jambo la kwanza. Seva ikishafanya kazi ndani ya nyumba, hamu inayofuata ni kuifikia ukiwa kazini au safarini, na njia inayofundishwa mara nyingi ni kufungua poti kwenye ruta, yaani kuiagiza ruta kwamba kila anayebisha kutoka nje kwenye poti fulani apelekwe moja kwa moja kwenye seva. Njia hiyo inafanya kazi, na inafanya kazi kwa kila mtu, wakiwemo usiowataka. Anwani zote za IPv4, mfumo wa zamani wa anwani za intaneti, ni takriban bilioni 4.3, idadi inayoonekana kubwa, lakini programu ya ZMap, iliyotolewa mwaka 2013, iliweza kuikagua poti moja katika anwani zote hizo kwa muda usiofika dakika 45 ikitumia laini ya gigabiti moja. Hakuna anayehitaji kukujua wala kuwa na kinyongo nawe ndipo akufikie.

Mwaka 2016 programu haramu ya Mirai iliteka kamera na ruta nyingi kwa kujaribu tu orodha fupi ya majina na nywila za kiwandani, na tarehe 21 Oktoba mwaka huo vifaa vilivyotekwa vilitumika kuishambulia kampuni ya Dyn hadi tovuti kubwa kama Twitter na Netflix zikawa hazifikiki kwa watu wengi. Mfano unaoniuma zaidi ni wa Juni 2021, ambapo wamiliki wa diski za mtandao za My Book Live za Western Digital walikuta kila kitu kimefutwa. Vifaa hivyo havikuwa vimepata sasisho tangu 2015, vilikuwa vinafikika kutoka intaneti, na kuna waliotumia tundu la programu kuvirudisha katika hali ya kiwandani. Watu wale walikuwa wamenunua kifaa hicho kwa ajili ya kutunza kumbukumbu zao, na baadhi yao hawakuwa na nakala nyingine popote.

Kwa hiyo ushauri wangu ni kwamba usifungue poti ya huduma yoyote, iwe ya picha, ya filamu au ya ukurasa wa kusimamia seva. Weka WireGuard, ambayo ni VPN, yaani njia ya siri iliyosimbwa kati ya vifaa vyako na nyumbani, na tangu Machi 2020 imo ndani ya kiini cha Linux toleo la 5.6, kisha ufungue poti yake hiyo moja tu, na simu na kompyuta zako ziingie nyumbani kupitia hapo peke yake. Kila kifaa kinakuwa na jozi yake ya funguo, na pakiti isiyothibitishwa kwa ufunguo unaotambulika haijibiwi kabisa, hivyo anayechungulia poti hiyo kutoka nje haoni dalili ya kitu chochote. Ukiwa bado kwenye ukurasa wa ruta, zima UPnP, kwa kuwa huruhusu kifaa chochote cha ndani kufungua poti bila kukuuliza, na uzime WPS ya namba ya siri, njia ya kuunganisha vifaa na Wi-Fi kwa namba fupi, ambayo mwaka 2011 ilithibitika kuvunjika kwa majaribio yasiyozidi 11,000.

Jambo la pili ni nakala rudufu, na hapa ndipo ninapoomba subira yenu. Kanuni inayojulikana ni ya 3-2-1: nakala tatu za data, katika vyombo vya aina mbili, moja ikiwa nje ya nyumba. Kanuni ni nzuri, lakini watu huitimiza kwa hesabu bila kutazama ndani ya nakala zenyewe. Chukua mfano wa Immich, programu ya seva ambayo wengi wanaitumia kutunza na kupanga picha. Faili za picha zimo ndani ya folda, lakini albamu, majina ya watu uliowatambulisha na maelezo mengine yamo ndani ya kanzidata ya PostgreSQL. Anayenakili folda peke yake atarudisha lundo la picha bila mpangilio aliouhangaikia, na anayenakili faili za kanzidata wakati inaendelea kuandikwa anaweza kupata nakala isiyofunguka. Njia sahihi ni kuiamuru kanzidata itoe nakala yake yenyewe kwa amri ya `pg_dump`, faili hiyo iwekwe pamoja na folda ya picha, halafu vyote viwili vichukuliwe na programu ya nakala rudufu kama Restic au BorgBackup.

Baada ya hapo, jaribu kurudisha. Tafuta kompyuta nyingine, hata ya kuazima, na uizime seva kabisa kana kwamba haipo. Kwenye kompyuta hiyo ukiwa na nakala ya nje na nywila yake tu, sakinisha programu upya, rudisha kanzidata, rudisha folda, kisha fungua albamu moja ya zamani na moja ya wiki hii. Angalia tarehe kama ni sahihi, fungua video moja uitazame hadi mwisho, na uhakikishe akaunti ya kila mwanafamilia inaingia. Zoezi hili hufichua mambo ambayo ujumbe wa "nakala imekamilika" hauwezi kuyafichua: folda iliyosahaulika, ruhusa za faili zilizopotea, toleo la kanzidata lisilolingana, au ile hali mbaya kuliko zote ambapo nywila ya kufungulia nakala imehifadhiwa ndani ya seva ileile iliyokufa. Mimi siiti nakala rudufu kitu ambacho hakijawahi kurudishwa.

Karibuni kwa maswali na nyongeza.

#2 Mchangiaji

Shukrani mkuu kwa uzi uliotulia. Nina swali moja. Seva yangu ina diski mbili zilizofungwa kwa RAID 1, kila kinachoandikwa kwenye moja kinaandikwa na kwenye ya pili. Aidha simu zetu zote zinasawazishwa na seva kwa Syncthing. Je, bado ninahitaji gharama ya nakala nyingine?

#3 Mleta uzi

Ndugu yangu, bado unaihitaji, na nitaeleza kwa nini. RAID 1 inakukinga na tukio moja tu, nalo ni diski moja kufa, na faida yake ni kwamba huduma haisimami wakati unatafuta diski mpya. Ukifuta folda kwa bahati mbaya, imefutika kwenye diski zote mbili kwa wakati mmoja. Programu haramu ikizisimba faili zako kwa fiche, zimesimbwa kote. Umeme ukipanda ghafla au mwizi akiingia, diski zote mbili zimo ndani ya sanduku moja.

Syncthing nayo ni chombo bora kwa kazi yake, lakini kazi yake ni kufanya pande zote zifanane, na kufanana huko kunahusu pia kufutwa. Unaweza kuwasha kipengele chake cha kutunza matoleo ya zamani, na nakushauri ukiwashe, ila hakichukui nafasi ya nakala inayojitegemea. Unachokosa ni historia: uwezo wa kusema nataka folda hii kama ilivyokuwa mwezi uliopita, kabla haijaharibika. Restic na Borg hutoa hilo bila kula nafasi nyingi, kwa sababu sehemu ya data ambayo haikubadilika haihifadhiwi mara ya pili.

Kama bajeti hairuhusu vyote viwili, ningeivunja hiyo RAID, diski ya pili niifanye ya nakala rudufu, nayo niitunze kwa ndugu au rafiki ninayemwamini. Data ikiwa imesimbwa kwa fiche, mtunzaji hawezi kuisoma.

#4 Mchangiaji mwingine

Mkuu, nimefuata maelekezo ya WireGuard neno kwa neno na nimefungua poti yake ya UDP kwenye ruta. Nikiwa ndani ya Wi-Fi ya nyumbani inaunganika, lakini nikitumia data ya simu haiunganiki kabisa. Tatizo linaweza kuwa nini?

#5 Mleta uzi

Kabla ya kugusa chochote, tazama jambo moja. Fungua ukurasa wa ruta yako na utafute anwani ya upande wa nje, ambayo huandikwa kama anwani ya WAN. Iandike pembeni. Kisha, ukiwa kwenye Wi-Fi hiyohiyo, fungua tovuti yoyote inayoonyesha anwani yako ya IP, na ulinganishe. Zikifanana, tatizo liko kwenye mipangilio yako na tutaendelea kulitafuta. Zikitofautiana, na hasa kama ile ya kwenye ruta iko kati ya 100.64.0.0 na 100.127.255.255, basi mtoa huduma wako anawaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya umma. Fungu hilo la anwani lilitengwa mwaka 2012 kwa kazi hiyo mahususi, baada ya akiba kuu ya anwani za IPv4 kumalizika Februari 2011. Baadhi ya watoa huduma hutumia pia anwani zinazoanzia na 10, kwa hiyo tofauti kati ya anwani hizo mbili ndiyo ushahidi muhimu zaidi.

Katika hali hiyo, poti uliyoifungua iko kwenye ruta yako, lakini pakiti kutoka nje haifiki hata hapo, kwa kuwa inaishia kwenye mitambo ya mtoa huduma. Una njia kadhaa. Kwanza muulize mtoa huduma kama anatoa anwani ya umma, au kama laini yako ina IPv6, mfumo mpya wa anwani, ambao una anwani za kutosha kila kifaa bila kujificha nyuma ya kingine. Ikishindikana, kodi seva ndogo yenye anwani ya umma, na seva ya nyumbani ndiyo ianzishe muunganisho kuelekea huko. Mpangilio wa `PersistentKeepalive` ukiuweka sekunde 25, njia itabaki wazi muda wote na simu yako itapitia hapo.

Njia nyepesi kuliko zote ni Tailscale, ambayo imejengwa juu ya WireGuard na hutafuta yenyewe namna ya kupenya. Ikishindwa kuunganisha vifaa moja kwa moja, hupitisha mawasiliano kwenye seva zake yakiwa bado yamesimbwa. Unalipia wepesi huo kwa kutegemea kampuni kwa usimamizi wa akaunti na ugawaji wa funguo za umma. Kwa anayeanza, naona ni malipo yanayostahili, mradi ajue anategemea nini.

#6 Mchangiaji

Naomba kuongeza jambo kwa faida ya wengine. Nimeweka Pi-hole, programu inayojibu maulizo ya DNS (kutafsiri majina ya tovuti kuwa anwani), kwenye seva ili kuzuia matangazo nyumba nzima, na kila nikiiwasha upya seva, familia yote inakosa intaneti. Niliambiwa niweke DNS ya pili ya umma kwenye ruta kama akiba. Je, ni sawa?

#7 Mchangiaji mwingine

Ndugu, hilo la DNS ya pili limewachanganya wengi. Vifaa havina kanuni moja kwamba ya pili itumike pale tu ya kwanza inapokufa. Vingine huuliza zote, vingine hubadilishana, na matokeo yake ni kwamba matangazo yatapita nusu nusu na hutajua kwa nini. Chaguo la uhakika ni kuwa na Pi-hole mbili kwenye mashine mbili tofauti, na anwani zote mbili zitolewe na DHCP. Kama una kifaa kimoja tu, basi kitenge kwa kazi hiyo peke yake, usikifanyie majaribio mengine. Raspberry Pi ya zamani inatosha kabisa.

#8 Mleta uzi

Naunga mkono. Tena nitaongeza kwamba intaneti ya nyumba nzima isitegemee mashine unayoifanyia majaribio. Mwanafamilia anayekosa intaneti mara kwa mara kwa sababu ya seva ataichukia seva hiyo, na atakuwa na haki.

#9 Mchangiaji

Nami nina swali kuhusu vyeti, vile vinavyokihakikishia kivinjari kwamba kimefika kwenye tovuti sahihi. Kivinjari kinalalamika kila ninapofungua huduma zangu kwamba muunganisho si salama. Je, ili nipate cheti cha Let's Encrypt, wale wanaotoa vyeti bure, ni lazima nifungue poti 80?

#10 Mleta uzi

Si lazima. Let's Encrypt wana njia ya kuthibitisha umiliki kupitia rekodi za DNS. Unasajili kikoa chako, yaani jina lako la tovuti, unaipa programu kama Caddy au Traefik ufunguo wa kuandika rekodi kwa msimamizi wa DNS, na yenyewe inaweka rekodi ya muda, inathibitishwa, kisha inachukua cheti. Hakuna poti inayofunguliwa. Jina la huduma unaweza kulielekeza kwenye anwani ya ndani ya seva, na likafanya kazi nyumbani na kupitia VPN tu. Ufunguo huo upe ruhusa ya kugusa kikoa hicho kimoja peke yake. Hakikisha pia kwamba cheti kinajihuisha chenyewe, kwani vyeti vyao vya kawaida vimekuwa vya siku 90 na anayetegemea kukumbuka tarehe atasahau. Na elewa kwamba kila cheti kinachotolewa huandikwa kwenye kumbukumbu za wazi ambazo yeyote anaweza kuzisoma, kwa hiyo usiweke jina la huduma linalofichua mambo ya familia, au chukua cheti kimoja cha nyota kinachofunika majina yote.

#11 Mchangiaji

Mkuu, nakala ya nje nataka kuipeleka kwenye hifadhi ya kukodi. Nina data ya gigabaiti 400, na laini yangu inapandisha megabiti 10 kwa sekunde. Inawezekana kweli?

#12 Mleta uzi

Inawezekana, ila fanya hesabu kwanza. Megabiti 10 ni megabaiti 1.25 kwa sekunde, kwa hiyo gigabaiti 400 zinahitaji sekunde 320,000, ambazo ni karibu siku tatu na robo tatu, tena laini ikitumika yote na bila kukatika. Usiifanye hivyo, maana laini ikijaa kwenye upande wa kupandisha, hata simu za video za wengine zitakwama. Restic ina chaguo la `--limit-upload`. Ipe nusu ya uwezo na uvumilie juma zima. Ikikatizwa katikati, sehemu zilizokwisha kupanda hazipotei, ukiianzisha tena inaendelea bila kuzipandisha upya. Baada ya mzunguko wa kwanza, kila usiku itapanda tofauti tu.

Fikiria pia safari ya kurudi: uliza mapema kama mwenye hifadhi hutoza unaposhusha data, na kadiria itachukua muda gani kwa laini yako. Wenye data nyingi wengi huona afadhali nakala ya kwanza ya kurudishia iwe diski ya nje iliyo karibu, na ile ya kukodi ibaki kwa ajili ya moto, wizi na mafuriko.

#13 Mchangiaji

Swali langu la mwisho, na samahani kama ni zito. Nyumbani ni mimi peke yangu ninayeielewa seva hii. Nikiugua muda mrefu au nisipokuwepo, mke wangu atazipataje picha?

#14 Mleta uzi

Usiombe radhi, ndugu yangu, ni swali ambalo kila mwenye seva anapaswa kujiuliza akiwa mzima. Nywila ya Restic ikipotea, hakuna wa kumpigia simu. Data hiyo imekwenda. Kwa hiyo iandike kwenye karatasi, pamoja na nywila ya akaunti ya hifadhi ya kukodi na ya kompyuta yenyewe, uitie kwenye bahasha na kuitunza pale mnapotunza vyeti vya kuzaliwa na hati nyingine. Nakala ya pili ya karatasi hiyo ikae nje ya nyumba, kwa mtu mnayemwamini nyote wawili.

Zaidi ya hapo, usimwachie kazi ya kujifunza Linux katika wakati mgumu. Mara mbili kwa mwaka, toa picha zote kama faili za kawaida, zikiwa zimepangwa kwa folda za miaka, uziweke kwenye diski ya USB iliyoumbizwa kwa exFAT ili isomeke kwenye Windows na Mac bila programu ya ziada. Diski hiyo isisimbwe, au isimbwe kwa nywila anayoijua yeye mwenyewe. Kisha mpe aichomeke kwenye kompyuta yake, aitafute picha moja anayoipenda na kuifungua, wewe ukiwa umekaa pembeni bila kumsaidia. Akikwama mahali, rekebisha maelezo yaliyo kwenye karatasi hadi asikwame.